Bibi Uwizeye Alisema Ejo

Kijiwe cha Kaisho hakina kibao, lakini muulize yeyote pale senta kahawa iko wapi, atakuonyesha kwa mdomo: pale ukutani kwa Mzee Rwegoshora, kwenye benchi la mkaratusi lenye miguu mitatu na tofali moja. Hapo ndipo dunia hukaguliwa kila mchana, watu wakishatoka shambani. Kuna Telesfori, anayeitwa Ushahidi kwa sababu aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo, na tangu hapo hata ukimwambia mvua inakuja atakuuliza ni nani kaiona. Kuna Anatory, mwinjilisti wa mtaa wa Kilutheri, ambaye kijiwe kilimbatiza upya kikamwita Injili. Na kuna Novatus Zege, fundi ujenzi, ambaye jina lake linajieleza. Hao watatu walianza kubishana habari ya kufufuka kwa Yesu Jumatatu ya Pasaka. Sikukuu ilikwisha, nyama ikaisha, ubishi ukabaki. Ila mchana huo, Theoneste alipoitwa aje mbio kutoka migombani, ubishi ulikuwa umehama. Ulikuwa umehamia kwa kaka yake, Mahoro.

Alifika na tope hadi magotini, panga mkononi. Aliyekwenda kumwita alisema neno moja tu, kwamba wazee wana habari ya Mahoro, na njia nzima Theoneste aliwaza kwamba msalaba umepasuka. Msalaba wenyewe alikuwa ameufyatua Novatus kwa saruji, na ulikuwa umeegemea ukuta wa Rwegoshora ukikauka, upande wa jina umegeuziwa ukutani mbuzi wasije wakaulamba. Kesho yake baada ya ibada mchungaji angekuja kuusimika kwenye kaburi la Mahoro.

Na kaburi hilo, usidhani lina mtu. Mahoro aliondoka miaka mingi iliyopita kwenda machimbo ya dhahabu, akanyamaza. Siku moja mchimbaji mmoja akaleta koti lake lililokutwa mdomoni pa shimo, akasema shimo limeanguka na waliokuwemo hawakutolewa. Familia ilingoja mwili, ikachoka kungoja, ikafanya kama wazee wanavyofanya mwili ukikosekana: ikang'oa mgomba, ikauvika koti, ikauzika. Mama yao, Mukantabana, aliulilia mgomba ule kama mtoto, na majirani wakalia naye. Ni juzijuzi tu alianza tena kuimba akimenya ndizi.

— Shikamoo mzee, Theoneste alimwambia Rwegoshora.

— Marahaba. Kaa kwanza, unywe.

— Msalaba umepasuka?

— Zege langu halipasuki, alijibu Novatus, kwa sauti ya mtu aliyeguswa kidonda.

— Basi kuna nini?

Telesfori alikohoa kimahakama.

— Mdogo wangu, Bibi Uwizeye kapita hapa juu ya pikipiki. Hakushuka. Alitupigia kelele, kwa maneno yake mwenyewe: "Ambieni Theoneste, mimi kumwona Mahoro ejo." Vumbi likamfunika, akaenda.

Theoneste akakaa. Bibi Uwizeye ni jirani yao, alikuja kutoka Burundi akiwa msichana, na Kiswahili kimegoma kuingia kwake hadi leo. Kwake kila kitendo kiko vilevile kilivyotoka dukani. Mimi kula. Mimi kulala. Mimi kuuza kuku. Amekula au atakula, utajua sufuria likiwa tupu.

— Alielekea wapi?

— Njia ya Murongo.

— Dereva ni nani?

Walitazamana. Macho manane yalikuwepo, na hakuna hata moja lililomwangalia dereva. Na simu Bibi hana, anasema inamwita wakati ambao hakuitaka.

— Hilo la dereva halibadili kitu, alisema Telesfori. Ejo ni jana. Nina kibarua Mrundi, nikimuuliza amekula lini, ananiambia ejo, na tumbo lake linamsaidia kutoa ushahidi. Kwa hiyo Bibi kamwona Mahoro jana. Kaka yako yu hai.

— Ejo ni kesho, alisema Novatus. Mimi nina saidia fundi wa hukohuko. Nikimuuliza ukuta wa watu utamalizia lini, anasema ejo. Sijaiona hiyo ejo mpaka leo, lakini ni kesho.

Wote wakamgeukia Theoneste, ambaye Kirundi ni lugha ya mama yake.

— Ni yote mawili, alisema.

— Yote mawili namna gani?

— Jana ni ejo, na kesho ni ejo.

Mzee Rwegoshora aliacha kumimina.

— Waitu, ndugu zangu, lugha gani hiyo isiyojua mtu anakuja au anakwenda?

— Inajua, mzee. Kitenzi ndicho kinachosema. Nilimwona, hiyo ni jana. Nitamwona, hiyo ni kesho.

— Na Bibi alisema kumwona.

— Kumwona, walikubali wote watatu, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Pasaka kukubaliana.

Theoneste alishika kikombe bila kunywa. Bibi Uwizeye alikuwa amealikwa kesho makaburini. Na kwa watu wa kwao, mtu akienda kaburini husema anakwenda kumwona marehemu. Basi huenda bibi wa watu alikuwa anasema tu kwamba kesho atafika, asihesabiwe mtoro. Au alikuwa amemwona Mahoro jana, kwa macho yake, anapumua. Ndugu yake alikuwa amekaa katikati ya neno moja, nusu marehemu, nusu mzima.

— Sasa mama nimwambie nini? aliuliza. Nikisimamisha ibada ya kesho halafu isiwe kweli, nitakuwa nimemzikisha mwanawe mara ya pili. Na nikinyamaza, halafu ikawa kweli, nitakuwa nimemsimikia ndugu yangu msalaba na yeye anakunywa chai mahali fulani.

— Usimwambie, alisema Anatory mwinjilisti.

Alisema upesi, na kila mtu alimtazama.

— Ni neno la bibi mmoja, tena mzee, tena juu ya pikipiki, tena kwa lugha ya kubahatisha. Hilo si jambo la kumpelekea mama aliyeanza kupona.

Telesfori aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeona sungura ameingia mwenyewe jikoni.

— Mwinjilisti, Pasaka ulihubiri nini?

— Usianze.

— Mimi nilikuwepo, nilisimama nyuma karibu na mlango. Ulisema wanawake walikwenda kaburini alfajiri, wakarudi mbio na habari, na wanaume wakasema wanapayuka. Ukatugombeza sisi kana kwamba ndio wale wanaume.

— Ile ni tofauti.

— Tofauti iko wapi?

— Ile imeandikwa.

— Na kabla haijaandikwa ilikuwa nini? Ilikuwa mwanamke anakimbia.

Anatory alikunywa kahawa iliyokwisha kuwa mashapo matupu. Kisha akapata silaha.

— Na wewe, Ushahidi? Si wewe unayesema mashahidi wakitofautiana kesi imekufa? Huyu kaona malaika mmoja, huyu kaona wawili, basi futa yote. Leo hii mna neno moja lenye maana mbili, na wewe umeshamfufua mtu.

— Mahoro nimecheza naye mpira, alisema Telesfori.

— Ndiyo ushahidi huo?

— Hapana. Ndiyo sababu. Nataka awe hai, Injili. Nataka sana. Mzee wa baraza akiwa na la kwake ndani ya kesi hutakiwa kujitoa, basi mimi nimejitoa.

Alijitoa kwa muda wa kumeza mate mara moja.

— Isipokuwa niongeze kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

— Hiyo methali ni Kirundi kitupu, alisema Rwegoshora. Haijui jana wala kesho.

Novatus Zege aliinua kidole chenye saruji.

— Nilikwenda kupima mahali pa msalaba. Mgomba umechipua.

— Mgomba gani?

— Wa kaburini. Chipukizi limetoka kichwani pa kaburi, la kijani, limenyooka. Sikusema, nikaogopa mtaniita mshirikina. Lakini wahenga walisema mgomba changaraweni haupandwi ukamea.

— Methali hiyo inakukana, fundi. Inasema haumei.

— Ndiyo maana nashangaa umemea.

— Mlizika mgomba na tunguu lake, mzizi mzima, alisema Rwegoshora. Ulitaka uote muhogo?

Lakini Novatus alikuwa amekwishapanda gari la mawazo, na gari lenyewe halina breki. Akasema amesikia, kwa mtu aliyesikia, kwamba mashimo yale ya dhahabu ni marefu kupita maelezo, yanapita chini ya Mto Kagera, na mchimbaji akifukiwa upande huu anaweza kula mizizi na kutambaa mpaka atokee Uganda. Kwa hiyo Mahoro huenda alikuwa njiani muda wote huu. Telesfori alitaka kujua hiyo mizizi ilitoka mti gani, chini ya mto. Novatus akasema mizizi ni mizizi.

— Mnapoteza muda, alisema Anatory. Bibi alikuwa anasalimia.

— Anasalimia nini?

— Warundi husalimiana vipi, Theoneste?

Theoneste aliliona neno linakokwenda kabla hajalitamka.

— Amahoro.

— Basi. "Ambieni Theoneste, mimi kumwona. Amahoro, ejo." Yaani atamwona Theoneste, amani kwenu, mpaka kesho. Hakuna Mahoro hapo kabisa, hai wala maiti. Ninyi mmekaa mnamfufua mtu kwa salamu.

Hilo liliwaumiza wote, kwa sababu lilifanana na kweli. Na Theoneste, ambaye saa nzima alikuwa hajui kama anaamini, alijua sasa kwamba alikuwa ameamini, maana hasira zilimpanda mpaka masikioni.

— Niwaulize wazee wangu jambo moja, alisema. Siku ile lilipoletwa koti, kuna aliyeuliza chochote? Mwinjilisti, uliuliza? Mzee Telesfori, ulisema kesi imekufa? Mtu tusiyemjua alisimama uani kwetu na koti, na jioni yake mama alikuwa ananyolewa nywele za msiba. Kwa kufa tulikubali koti. Tukauvika mgomba. Sasa kwa kuishi mnataka mashahidi wangapi?

Mbuzi mmoja alikuja akaunusa msalaba, Novatus akamfukuza kwa mguu.

— Unasema kweli, alisema Anatory mwishowe, na sauti ya mimbarini ilikuwa imemtoka. Ngoja nikwambie ninachoogopa. Habari ya Yesu nikiiamini na nikawa nimekosea, nitajua nikishakufa. Hii nikiiamini na nikawa nimekosea, nitajua kesho, mbele ya mama yako.

Theoneste alimwonea huruma, akajionea huruma na yeye. Akanywa kahawa yake yote, sasa ya baridi, akasimama.

— Nitamwambia neno lenyewe lilivyo. Nitamwambia Bibi kasema ejo. Mama ni wa lugha hiyo kuliko sisi sote, achague mwenyewe asimame wapi.

— Hekima hiyo, alisema Telesfori. Penye wengi hapaharibiki neno.

— Hapa limeharibika tangu saa sita, alisema Rwegoshora, akainua birika kummiminia Anatory lile la mwisho.

Ndipo pikipiki iliposimama, ikitokea njia ya Murongo. Abiria alishuka kwa uzito, mguu mmoja baada ya mwingine, kama watu waliokaa safarini tangu alfajiri. Alikuwa mwembamba, ndevu zimemjia mpaka shingoni, begani ana kifuko cha sandarusi. Alijipangusa vumbi usoni, akauona msalaba, akavua kofia.

— Shikamoo mzee. Shikamooni, alisema. Nani kafariki?

— Marahaba, Mahoro, alijibu Mzee Rwegoshora, kwa mazoea, maana ndivyo alivyokuwa akimjibu tangu akiwa mtoto anayetumwa chumvi.

Kisha akasikia alichosema. Kahawa iliendelea kumiminika, ikapita kikombe, ikapita vidole vya Anatory, na Anatory hakuondoa mkono.

— Nani kafariki? yule mtu aliuliza tena, sasa kwa hofu, kwa sababu alimwona mdogo wake na tope magotini, na panga, na uso ule. Theoneste. Ni mama?

Theoneste alitikisa kichwa kwamba si mama. Akaangusha panga, akamwendea, akamshika. Alinuka moshi na ng'ombe. Ni mtu, alikuwa na mbavu, na mbavu zilikuwa zinakwenda juu na chini. Theoneste alilia pale senta mchana kweupe mbele ya watu wa mahindi na watu wa pikipiki, na hakuona aibu hata kidogo. Miaka yote ile alijiona kama mtu aliyebeba gunia akasahau kwamba amebeba, na sasa mtu alikuwa amemtua.

Novatus ndiye aliyeugeuza msalaba, polepole, kama mtu anayekiri. Mahoro alilisoma jina. Akalisoma tena.

— Hapa mmeniandika mimi.

— Zege zuri lakini, alisema Novatus. Halina ufa.

Telesfori alikuwa amekwishachuchumaa.

— Samahani ndugu yangu, ni utaratibu tu, alisema, akampandisha suruali mguu wa kushoto. Kovu lilikuwepo gotini, lile la mechi na vijana wa Nkwenda. Aliligusa kwa kidole gumba, na akabaki amechuchumaa vilevile, maana machozi yalikuwa yamemkuta na hakutaka kuyasimamisha wima watu wakayaona.

— Umeridhika, Tomaso? aliuliza Anatory.

— Nimeridhika. Sasa shahidi. Mahoro, Bibi Uwizeye alikuona wapi jana?

— Bibi Uwizeye? Kumbe bado yupo?

— Hakukuona jana?

— Sijamwona tangu niondoke. Nimevuka mpaka leo asubuhi. Jana nilikuwa Uganda, nachunga ng'ombe za watu.

Walilitafuna hilo. Bibi hakumwona mtu. Bibi alisema kesho, kaburini, basi. Au alisalimia.

— Kwa hiyo ushahidi ulikuwa mbovu, alisema Telesfori.

— Mbovu kabisa, alikubali Anatory.

— Na mtu yupo.

— Mtu yupo.

— Basi nani kashinda? aliuliza Novatus, na hakuna aliyemjali.

Mzee Rwegoshora pekee alikuwa bado na neno.

— Na koti?

Mahoro alikaa kwenye benchi. Akasema yeye machimbo yalimshinda mapema. Aliapa mbele ya mama kwamba hatarudi mikono mitupu, na mikono ilikuwa mitupu, basi akaenda kutafuta Uganda. Simu iliangukia mtoni na namba zote. Alipoondoka machimboni alimwachia koti mwenzake mmoja aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, jina lake Nsanzimana. Habari ya shimo kuanguka hakuisikia kamwe, ndiyo kwanza anaisikia hapo.

— Basi ni yeye aliyelivua mdomoni pa shimo, alisema. Ni yeye aliyeshuka.

Aliutazama msalaba.

— Kwao wanajua?

Kijiwe kizima kilikuwa na majibu ya habari za malaika, na mizizi chini ya mto, na lugha za watu. Hilo hakuna aliyelijua. Kwao Nsanzimana wapi? Ng'ambo ya mpaka, alisema Mahoro, hakuwahi kumtajia kijiji. Basi mahali fulani palikuwa na mama mwingine, na hakuna aliyempelekea hata koti.

Anatory alijifuta kahawa vidoleni.

— Mchungaji anakuja kesho, alisema. Mwacheni aje. Uliuliza nani kafariki, Mahoro. Sasa tunajua.

Novatus hakusubiri kuambiwa. Alichukua mwiko wake na kopo la maji, akaulaza msalaba chini.

— Jina hili nililichora juujuu, nikiweka saruji nyingine halitaonekana. Nitajieni hilo lingine herufi kwa herufi, nisije nikamkosea mtu mara mbili.

Rwegoshora alilipindua birika, likatoa tone moja. Akatangaza kahawa imekwisha, na kwa siku hiyo hapiki nyingine, maana kesho lazima afike kaburini mapema amwone Bibi Uwizeye akimwona Mahoro.

Ndugu wawili waliishika njia ya migombani, Theoneste mbele na kifuko cha kaka yake begani. Nyuma yao walimsikia Telesfori akimwambia Anatory kwamba habari ya yule malaika mmoja au wawili bado haijaisha, ila yuko tayari kuisikiliza upya. Walipokaribia uani waliisikia sauti ya Mukantabana. Alikuwa anaimba, anamenya ndizi.

Mahoro alisimama.

— Nitamwambia nini?

Theoneste alifikiri. Mchana ule wote alikuwa ametafuta maneno ya kumwambia mama, na kila alilolishika lilikuwa na pande mbili.

— Usimwambie kitu, alisema. Ingia, umwombe chakula.